Uzito wa Gunia Tupu

Kabla mahindi hayajahesabiwa, gunia hupimwa tupu.
Ndivyo nilivyofundishwa mizani pale Kibaigwa,
Julai, upepo ukitutia pumba machoni,
malori ya Kiteto yamejipanga hadi barabara kuu.
Gunia tupu: gramu mia tisa. Toa.
Mnunuzi asiuziwe katani kwa bei ya mahindi.

Kwa hiyo Foibe Chidawali wa uhasibu
hakuhangaika nami sana.
Aligeuza hati yangu ya mshahara, akachora mstari mwekundu:
"Kodi nayo ina mizani, Hezekia.
Ukijiwekea elfu kumi ya uzeeni, juu ya ile ya lazima,
inatolewa kwanza, kama gunia.
Halafu ndipo wanapima."
Nikauliza mara mbili. Akapiga kikokotoo mara mbili.
Elfu kumi imekwenda, mfukoni pamepungua elfu nane.
"Na hizo mbili?"
"Hizo ungeipa serikali. Sasa unampa mzee."

Mzee gani, sikuuliza.

Nyumbani Dorka alikuwa anasonga ugali wa uwele, hakugeuka.
"Bati la jikoni linavuja,
wewe unamtumia hela mtu ambaye hata hajafika."
Nikasema mvua zenyewe za huku si nyingi.
Lilikuwa jibu baya.

Baba yangu hakuwa na hati.
Pensheni yake ilikuwa na pembe, ililala zizini,
kila ndama alimwita kwa jina.
Mwaka ule mvua ilipokata, ng'ombe ishirini na sita,
alichuna ngozi mwenyewe hadi kisu kikagoma.
Baada ya hapo pensheni yake tukawa sisi:
watoto sita,
wanne wenye simu,
wawili wanaopokea.
Kila tarehe tano hukaa nje, simu mapajani,
akiifuta kioo kwa upindo wa shati.
Mimi huchelewa. Najua ninavyochelewa.

Kiinua mgongo, husema watu wa ofisini,
na neno hilo huwachekesha makuli.
Matonya, miaka kumi na tisa chini ya kilo mia,
aliniuliza, "Huo wa kuinuliwa, ni mgongo upi?"
Hana hati. Analipwa kwa gunia, jioni, noti zenye jasho.
Nafuu ya kodi humfuata mwenye kodi.
Nilimwambia hata yeye anaweza kuweka, kwa simu, elfu mbili mbili.
Akacheka mpaka akaegemea lori.
Wiki ya pili alinivuta kando, akaomba namba,
akaangalia nyuma kwanza, kama anayeomba dawa ya aibu.

Februari nilisimamisha.
Viatu vya shule vya Peresi, na lile bati, ambalo kweli lilivuja.
Hati ikaja na kodi imenenepa,
nikahisi nimemnyang'anya mtu sahani
akiwa ameshanawa mikono.

Machi nimerudisha. Elfu saba, si kumi.
Dorka aliona, akanyamaza, akaniongezea mlenda.
Wanasema haba na haba hujaza kibaba;
mimi mtu wa vipimo, nimeona vibaba vilivyotoboka,
kwa hiyo siapi.

Ila siku nyingine, soko likishafungwa,
makuli wameondoka na vumbi limetua,
napanda mwenyewe juu ya mizani,
viatu na yote: sabini na moja.
Nashuka. Mshale unarudi kwenye sifuri, unatikisika kidogo,
na mimi namwachia nafasi huyo anayekuja,
mwembamba, nadhani, kama baba,
jina langu, goti bovu la kushoto,
amekaa nje tarehe tano, simu iko ndani inachajiwa,
wala hamsubiri Peresi.